Tepe Nyekundu za Merlière

Jumamosi, 24 Agosti

Nimefika saa nane mchana. Kilomita 412 kutoka Paris, vituo viwili. Chumba ni kilekile juu ya ghala la mapipa, na dirisha ni lilelile linalotazama Merlière. Kwenye mtoto wa meza nimezikuta daftari zangu kumi na moja za likizo zilizopita, kama nilivyoziacha. Hii ni ya kumi na mbili. Safari hii nina wiki sita, kwa kuwa gazeti limeniambia nimalize likizo zangu zote kabla sijastaafu mwezi wa kumi na mbili.

Théophile Robergeot, mwenye shamba, alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Mwandishi, bado unakuja na hivyo vya mjini."

"Na wewe bado una kofia ileile."

"Kofia hii imezikwa mara mbili na kufufuka."

Ana miaka sabini na minne. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake Clémence, wa miaka thelathini na sita, ameacha kazi ya famasi mjini Lyon ili achukue shamba. Watasaini hati mwezi wa kumi na moja. Shamba zima ni hekta saba, na zabibu za zaidi ya hekta sita zinakwenda kiwanda cha ushirika, zikachanganywe na za wengine. Kinachobaki ni Merlière: chini ya nusu hekta, ukuta wa mawe pande zote nne, mistari arobaini, mizabibu 3,140 iliyopandwa na baba yake Théophile mwaka 1951. Mvinyo wa Merlière peke yake ndio unaoingia kwenye chupa yenye jina lao.

"Bila Merlière," Clémence aliniambia tukiwa mezani, "mimi ni mkulima wa zabibu za kiwanda tu. Kazi hiyo ningeweza kuikataa nikiwa Lyon."

Jumapili, 25 Agosti

Joto. Nimelala mchana. Sikufanya kitu kingine.

Jumatano, 28 Agosti

Nimepanda mwamba wa Solutré. Dakika arobaini kwenda juu, thelathini kushuka. Upepo mkali kileleni. Kutoka kule mashamba ni kijani kitupu, mstari kwa mstari hadi mtoni.

Ijumaa, 30 Agosti

Si kijani kitupu.

Asubuhi Clémence aliniita Merlière, mstari wa saba. Mzabibu mmoja ulikuwa na majani ya manjano yaliyojikunja kuelekea chini, magumu kama karatasi iliyolowa ikakauka. Matawi yake, ambayo mwezi huu yangekuwa yamekomaa na kuwa ya kahawia, yalikuwa bado laini na yananing'inia. Vichala vilikuwa vimesinyaa.

"Dalili tatu kwenye mti mmoja," alisema. "Ikiwa moja, unaweza kusema jua. Mbili, unajidanganya. Tatu ndiyo manjano."

Hapa hawaliiti gonjwa hilo kwa jina lake refu. Wanasema manjano, kwa sauti ya chini. Kidudu kidogo kinachorukaruka hunyonya mti mgonjwa, kisha kinakwenda kunyonya mzima. Dawa ya kuuponya mti haipo. Kuna dawa ya kumuua mdudu, nao waliipiga mara tatu mwezi wa sita kama sheria inavyotaka. Mti mgonjwa unang'olewa. Migonjwa ikizidi moja ya tano ya shamba, shamba zima linang'olewa kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Moja ya tano ya 3,140 ni 628.

"Umeona mingapi?" nilimuuliza.

"Mistari mitatu nimepita. Kumi na tisa."

Théophile alikuwa langoni. Hakuingia. Aliuliza kama tumekunywa kahawa.

Jumatatu, 2 Septemba

Ghislaine Perroux amekuja. Yeye ndiye mwenyekiti wa wakulima wa hapa, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye kwa miaka kumi na miwili sijamwona akicheka. Kesho wanaanza ukaguzi. Utaratibu ni kwamba kila mkulima anakagua mashamba ya wenzake na wenzake wanakagua la kwake. Mwenye shamba hakagui lake. Kila mti mgonjwa unafungwa utepe mwekundu, na idadi inaandikwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari, pamoja na jina la aliyepita hapo.

"Mwandishi naye anakuja," Ghislaine alisema akimtazama Théophile badala yangu. "Watu hawatoshi. Ana macho na anajua kuhesabu."

"Anajua kuandika," Théophile alisema. "Kuhesabu, sijui."

Jumanne, 3 Septemba

Wakaguzi kumi na wawili, miongoni mwao Anselme Lacharme wa Vergenay, kijiji cha upande wa pili wa bonde. Yeye na Théophile walikuwa jeshini pamoja wakiwa vijana. Wanaitana "mzee wangu" tangu walipokuwa na miaka ishirini.

Tulianza saa mbili, umande ukiwa bado. Kila mtu na mstari wake, kushoto na kulia, hatua moja, unatazama, hatua nyingine. Mwanzoni watu walitaniana. Mmoja alisema Ghislaine akipita mizabibu inajinyoosha yenyewe kwa kumwogopa. Tulipofika mstari wa kumi utani ulikuwa umekwisha. Ulisikika mlio wa utepe ukikatwa tu.

Jumla: 188. Mimi nimefunga kumi na moja.

Théophile alikuwa amekaa nje ya ukuta, juu ya kreti iliyopinduliwa. Ghislaine alimsomea idadi. Akasema, "Haya," akasimama, akalichukua kreti lake.

Alhamisi, 5 Septemba

Majibu ya maabara yamekuja. Majani manane yalipelekwa, yote manane yana ugonjwa. Clémence alisoma barua akiwa amesimama, kisha akaikunja ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka ikagoma kukunjika.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepita Merlière peke yangu na karatasi ya ukaguzi, nikaichora kama ramani. Tepe hazikusambaa ovyo. Zimekaa kwa mafungu, na kila fungu lina mti mmoja mwembamba katikati, mdogo kuliko wenzake.

Nikamuuliza Clémence ile miembamba ni ipi.

"Ni ya kuziba mapengo. Mti mzee ukifa, baba anapanda shina la mizizi, na mwaka unaofuata analibebesha kikonyo, kijitawi kilichokatwa kwenye mzabibu mwingine mzee, vishikane viote kama mti mmoja. Hanunui miche. Anasema miche ya dukani yote ina sura moja, kama askari."

"Hivyo vikonyo alivitoa wapi?"

"Kwa Anselme. Miaka mitatu iliyopita. Si wewe ulivileta?"

Ni swali lake lililonikumbusha; mimi sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo.

Baadaye nilifungua mtoto wa meza. Daftari ya miaka mitatu iliyopita, mwaka nilipokuja mara mbili. Nanakili kama ilivyo:

"14 Februari. Nimepita Vergenay kwa Anselme. Kanipa fungu la vikonyo 60, limefungwa gunia lenye unyevu, nimpelekee Théophile. Kasema nisimame kwenye kitalu cha barabara kuu, wavitie kwenye birika la maji ya moto. Nikampigia Théophile. Kacheka: 'Zawadi ya Anselme niioshe? Zawadi haioshwi. Lete hivyohivyo, sungura yuko jikoni.' Nimepita kitalu bila kusimama."

Maji ya nyuzi hamsini huua manjano ndani ya kikonyo bila kukiua kikonyo. Wakati ule sikujua birika lilikuwa la nini. Sikuuliza. Kazi yangu ni kuuliza.

Jumatatu, 9 Septemba

Soko la Louhans, pamoja na Clémence. Kuku kwenye vizimba, wanawake wanaowapuliza manyoya kuona ngozi. Amenunua vifaranga sita vya bata ambavyo hahitaji. Njiani kurudi vifaranga ndivyo vilivyosema.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Majani yaliyokuwa na shaka wiki iliyopita hayana shaka tena. Naona kutoka dirishani. Nimehamisha kiti kitazame ukuta.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumevuna Merlière. Mti wenye utepe hauvunwi, unarukwa. Wavunaji walikuwa kumi na sita, wengi wao wanakuja kila mwaka, wanajua wimbo wa kuanzia na nani atakuwa wa kwanza kujikata kidole. Mwaka huu walianza kuimba, wakafika kwenye tepe za mstari wa tatu, wakaacha.

Théophile alivuna. Kuvuna hakukatazwi. Alikwenda polepole, na kwenye kila mti alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya: aliweka kiganja juu ya kichwa cha shina, pale linapotawanya matawi, kama unavyopima homa. Alifanya hivyo kwenye miti yenye utepe na isiyo na utepe.

"Unatafuta nini?" nilimuuliza.

"Sitafuti. Baba alinipitisha hapa nikiwa na miaka sita, akaniambia niisalimie yote. Nikachoka kwenye mstari wa pili. Namalizia."

Jumanne, 17 Septemba

Ukaguzi wa pili. Tepe mpya 214. Jumla 402.

Hali ya hewa nzuri mno.

Jumatano, 18 Septemba

Clémence amegombana na baba yake jikoni, mlango ukiwa wazi.

"Vikonyo vya Anselme ndivyo vimeleta. Kila mtu anaona. Wewe tu ndiye huoni."

"Naona."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ametuua."

"Vifaranga vyako viko kwenye haradali yangu," Théophile alisema.

Na kweli viwili vilikuwa vimeingia bustanini. Clémence alitoka kuvifukuza. Alivifukuza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekwenda Vergenay. Nilisema nyumbani kwamba nakwenda Cluny kuona abasia, makao ya kale ya watawa, na nilipita Cluny kweli, nikaegesha dakika kumi, ili nisiwe nimedanganya. Kwa umri wangu na kazi yangu hilo ni jambo la aibu, naliandika.

Shamba la Anselme lina pengo. Mistari miwili mizima haipo, na udongo umeota majani, kwa hiyo pengo si la mwaka huu wala la mwaka jana. Alinikuta nimesimama hapo. Hakuuliza nimekuja kufanya nini.

"Nilianza kuona manjano kiangazi kile, kabla ya wewe kuja kuchukua fungu," alisema. "Mistari miwili ya chini. Nikasema ukame. Ulikuwa mwaka wa ukame, unakumbuka. Baridi ilipoingia nikaing'oa yote."

"Ulitoa taarifa?"

"Ya nini? Ya ukame?"

"Vikonyo vya Théophile ulivikata mistari ipi?"

"Ya juu. Ile mizima." Alifikiri. "Iliyokuwa inaonekana mizima. Ndiyo maana nikakuambia usimame kwenye kitalu."

"Hukuniambia kwa nini."

"Ningekuambia ungemwambia. Kesho yake kijiji kizima kingejua kwamba Lacharme ana manjano." Alivua kofia, akaitazama ndani. "Kumbe ukapita."

Nilimwambia kwamba Théophile ndiye aliyesema nisisimame, na alivyosema. Anselme alirudia maneno yale polepole. Zawadi haioshwi. Kisha akasema, "Huyo ni yeye kabisa," akakaa chini, kwenye ukingo wa barabara, miguu yake ikiwa mtaroni. Nilikaa naye. Lori la zabibu lilipita na dereva akatupungia.

Nimehoji watu wengi walioficha kitu. Kwa kawaida ukishapata ulichokifuata, unafunga daftari na kuondoka. Huyu sikujua nimfanye nini. Nilimsaidia kusimama.

Jumamosi, 21 Septemba

Clémence ameniuliza Cluny kukoje. Nikasema kuna watu wengi.

Jumanne, 24 Septemba

Ukungu hadi saa tano. Ndani ya ukungu tepe ndizo zinazoonekana kwanza.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvinyo mpya unachacha kwenye mapipa chini ya chumba changu. Sakafu inanukia mkate. Théophile anapanda kila asubuhi kuniuliza kama nimelala, akisimama mlangoni, macho yakiwa kwenye mtoto wa meza.

"Humo bado unaandika yote?"

"Yote."

"Hata yasiyo na maana?"

"Hayo ndiyo mengi."

Jumapili, 29 Septemba

Nimemwona Clémence akitoka nyumbani kwa Ghislaine, kisha akiingia nyumba inayofuata, kisha nyingine. Nyumba tano. Hakubeba kitu kwenda wala kurudi.

Jumatano, 2 Oktoba

Ukaguzi wa tatu, wa mwisho. Ofisi ya kilimo itamtuma mtu Jumanne kuchukua karatasi.

Nilipewa mistari mitano, isiyofuatana. Naandika kilichotokea kwa mpangilio wake. Kwenye ule nilioanza nao nilifunga kila nilichokiona. Kisha, kwenye mstari wa pili kutoka langoni, nilifika kwenye mzabibu mmoja mnene, shina limejisokota kama kamba, dalili zote tatu. Niliuchukua utepe mkononi. Nikatazama upande. Ghislaine Perroux, ambaye mizabibu inajinyoosha akipita, alikuwa mstari wa jirani amesimama mbele ya mti uliokuwa wa manjano kutoka chini hadi juu. Aliutazama. Akaenda mbele bila kukata utepe. Kisha akageuka akaniona nimemwona.

"Jua linaniingia machoni," alisema.

Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu.

Niliurudisha utepe mfukoni. Nimeruka minne. Miaka thelathini na minane ya kazi, sijapunguza idadi ya kitu chochote, wala maiti wala kura.

Mistari sita ya mwisho ilikuwa ya Anselme. Yeye alifunga kwa kasi, mti baada ya mti, hakuinua kichwa. Clémence alikuwa juu ya ukuta akimtazama. Anselme alipotoka langoni, Clémence alimzuia njia.

"Mzee Anselme, umefurahi?"

"Hapana, mwanangu."

"Unajua tumefika ngapi?"

"Najua nilichokiona."

"Na wenzako je? Wao vipofu?"

Anselme alipita pembeni yake. Mikono yake ilikuwa imepata rangi nyekundu ya tepe, kwa sababu ya umande.

Jumla mpya 217. Jumla kuu 619. Tisa chini ya 628.

Clémence alinikumbatia. Ghislaine alikunja karatasi, akampa Théophile aweke sahihi ya kupokea, akasema kwa sauti yake ileile kavu, "Merlière imebaki." Watu walianza kuongea wote kwa mpigo. Mtu akatoa chupa.

Théophile alikuwa ameshika karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya kila jina.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nami nimeisoma. Mistari sita ya Anselme: tepe mpya 68. Mistari thelathini na minne ya sisi wengine wote: 149. Kumi na moja kwa mstari kwake, nne na ushee kwetu. Ugonjwa haubagui kwa kutazama nani anapita. Kama wote tungefunga kama yeye, tungekuwa juu ya mia nane.

Nilidhani anafunga kwa roho mbaya, au kwa kutaka yaishe. Sasa nadhani alikuwa mtu pekee mle ndani aliyeogopa kukaa kimya mara ya pili.

Jumamosi, 5 Oktoba

Karamu ya kumaliza mavuno. Kila mmoja alileta chupa ya kwake, kama ilivyo desturi. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo, jibini la mbuzi, vitumbua vya jibini vya Ghislaine ambavyo huwa vimeungua chini. Watu walikula kwa furaha ya watu waliopona. Mmoja aliinua glasi: "Kwa mia sita na kumi na tisa." Wakacheka, na Ghislaine akacheka. Miaka kumi na miwili nimeisubiri sauti hiyo, na nimeisikia kwa jambo hilo.

Anselme alikuja. Alisimama mlangoni na chupa yake. Clémence aliinuka kwenda jikoni. Théophile alisogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja.

"Kaa, mzee wangu. Umechelewa kama siku zote."

Walikaa bega kwa bega. Anselme hakula. Baada ya muda alisema, si kwa kunong'ona, "Théophile, ile mistari yangu ya chini..."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi cha kwanza. Ni mimi niliyebebesha, najua nilibebesha wapi. Miti ya kwanza kugeuka ilikuwa yako yote."

"Na hukusema."

"Ni mimi niliyekataa kuviosha. Ningeanzia wapi?" Akamkatia jibini. "Kula. Huyu mbuzi hana kosa."

Clémence alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani. Alisikia yote. Aliiweka sahani mezani, akatoka nje.

Jumapili, 6 Oktoba

Saa moja na nusu asubuhi Théophile aligonga mlango wangu.

"Mwandishi, bado una lile bunda la tepe?"

Nilikuwa nalo, kwenye koti. Nilimwambia mwenye shamba hakagui lake. Akasema anaijua sheria, alikuwepo ilipopigiwa kura. Nikamwambia imebaki siku mbili tu, karatasi ikishachukuliwa basi, na kila mtu ameridhika. Akasema ndiyo, wote ni watu wema, na shamba la Ghislaine liko hatua sita kutoka ukuta huu, na lile la nyuma lina mizabibu ya miaka miwili, na mdudu hajui kusoma karatasi.

"Clémence je?" nilimuuliza.

"Clémence ndiye atakayelima kati yao miaka thelathini. Mimi ninaondoka hivi karibuni. Siwezi kumwachia majirani aliowaambukiza."

Nilivaa koti lenye tepe. 

Tulianza mstari wa kwanza. Yeye alitazama, mimi nilikata na kumpa, yeye akafunga. Kwenye kila mti aliweka kwanza kiganja juu ya kichwa cha shina. Nilihesabu kwa sauti kwa sababu aliniomba. 620. 621. Kwenye mstari wa pili nilimwonyesha ule mnene uliojisokota.

"Huu niliuruka mimi."

"Nilijua ni wewe. Ghislaine anaruka mikubwa, wewe unaruka mizuri."

Ya kumi ilikuwa 629. Nilidhani atasimama hapo. Alifunga fundo, akalikaza, akaenda kwenye mti uliofuata. Nikamwambia idadi imeshapita, haina haja tena. Akasema haachi mstari katikati.

Clémence alikuja tulipokuwa mstari wa tatu. Alisimama upande wa pili wa nyaya, amevaa koti la usiku juu ya suruali ya kazi. Alitazama mkono wa baba yake, kisha wangu.

"Ngapi?"

"Mia sita thelathini na nane," nilisema.

Alitufuata upande wake kwa miti miwili.

"Baba, huo umeuacha," alisema, akaonyesha mti nyuma yake. "Matawi ya huku kwangu. Huwezi kuyaona kutoka huko."

Nilimpa utepe juu ya waya. Aliufunga mwenyewe.

Tulimaliza mstari ule wa tatu: 646. Théophile alikaa kwenye kreti lake, mara hii ndani ya ukuta.

"Siku ile uliponipigia simu karibu na kitalu," alisema. "Uliandika?"

"Niliandika."

"Nilivyosema?"

"Neno kwa neno."

"Basi acha hivyohivyo. Usije ukanitengenezea."

Kwenye karatasi, mbele ya tepe ishirini na saba mpya, nafasi ya jina la mkaguzi ilikuwa tupu. La kwake sheria hailikubali, wala la binti yake. Nimeandika langu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeziacha daftari kwenye mtoto wa meza, isipokuwa hii. Théophile alibeba begi langu hadi kwenye gari ingawa nilimkataza. Clémence alinipa chupa mbili za mwaka juzi. Bata wamekua, wanapita langoni na kuingia Merlière bila woga.

Kwenye barabara kuu nimesimama kitaluni. Mwanamume mwenye aproni ya plastiki alinionyesha birika. Ni la chuma, ukubwa wa bafu, na kipimajoto kimefungwa kwa waya pembeni. Niliuliza fungu la vikonyo sitini linachukua muda gani.

"Dakika arobaini na tano. Unaleta?"

"Hapana. Nauliza tu."

Daftari ya mwaka ule inasema nilifika kwa Robergeot saa tano na nusu. Inasema sungura alikuwa hajaiva. Tulimsubiri saa moja na dakika kumi.